Ini la Mgonjwa wa Akili Nani Analipima?

Asubuhi ya siku ya sindano, benchi la nje ya kliniki ya afya ya akili hujaa kabla ya saa mbili. Wengine wameletwa na mama zao, wengine na kaka zao, wachache wamekuja peke yao na kadi zimekunjwa ndani ya mfuko wa shati. Muuguzi huita jina. Mgonjwa huingia nyuma ya pazia, huulizwa mwezi uliopita alichomwa upande gani, kisha huchomwa upande wa pili. Dakika tatu, ametoka. Ni sindano ya flufenazini, wengi wanaijua kwa jina la Modecate, na ndiyo inayomwezesha mtu mwenye skizofrenia kulala usiku, kula na wenzake, na kutosikia sauti zinazomtukana. Kadi huandikwa tarehe ya kurudi, wiki nne mbele.

Nimekaa kwenye benchi hilo miaka kadhaa na mtoto wa mama yangu mdogo. Mwaka mmoja macho yake yalianza kugeuka manjano. Mama mdogo akamwonyesha mhudumu. "Mama, hizo ni dawa tu, mwili utazizoea," akajibiwa. Jibu lile halikutoka hewani, maana klopromazini aliyokuwa akimeza kweli inaweza kuzuia nyongo isitiririke na kumfanya mtu awe manjano. Lakini hakuna aliyempima kuhakikisha. Ilipita miezi mitano, na hospitali nyingine, na tumbo likiwa limekwisha kujaa maji, ndipo mtu akamtoboa kidole na kudondosha damu kwenye kipimo cha haraka cha homa ya ini B. Mistari miwili ilijitokeza kabla ya dakika 20 kwisha. Katika miezi hiyo mitano alikuwa amehudhuria kliniki mara tano. Hakukosa hata sindano moja.

Kisa chake ni cha kawaida, na ndiyo sababu nakitaja. Anayeugua ugonjwa mzito wa akili, iwe skizofrenia, iwe ugonjwa wa hisia mseto, iwe sonona iliyomfikisha mtu pabaya, huangaliwa na mfumo wa afya kuanzia shingoni kwenda juu. Yaliyo chini ya shingo humfikia daktari yakiwa yamechelewa.

Jambo hili linauma zaidi ukijua historia. Sehemu kubwa ya elimu ya homa ya ini ilipatikana kutoka kwenye miili ya watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, Baruch Blumberg, pamoja na wenzake, walitangaza kitu kigeni walichokikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, wakakiita antijeni ya Australia. Hawakujua ni nini. Walipozidi kukitafuta walikikuta mara kwa mara kwa watu wenye sindromu ya Down, hasa wale waliofungiwa katika majumba makubwa ya malezi, kuliko wale waliokaa na familia zao. Mmoja wao alipimwa mara ya kwanza akawa hana; mwaka 1966 akapimwa tena akawa nacho, na ini lake limeugua. Hapo ndipo fumbo lilipoanza kufumbuka: kile kitu kilikuwa ni ganda la kirusi cha homa ya ini B. Blumberg alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, 28 Julai, ndiyo leo Siku ya Homa ya Ini Duniani.

Upande wa pili wa historia hiyo uko Willowbrook, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili katika Staten Island, New York. Jengo lilikusudiwa watoto kama 4,000, likabeba zaidi ya 6,000. Homa ya ini ilikuwa imeenea humo. Kuanzia mwaka 1956 daktari Saul Krugman na timu yake waliwaambukiza baadhi ya watoto kwa makusudi ili kuufuatilia ugonjwa hatua kwa hatua. Kutokana na kazi hiyo walithibitisha kwamba kulikuwa na homa za ini mbili tofauti, ile tunayoiita A leo na ile tunayoiita B, na kwamba damu ya wenye B ikichemshwa huweza kumkinga mtu. Wazazi walitia saini, lakini wengi wao hawakuwa na pengine pa kumpeleka mtoto. Mwaka 1966 daktari Henry Beecher aliutaja utafiti huo miongoni mwa mifano ya tafiti zilizokiuka maadili, na shule yenyewe ilifungwa mwaka 1987.

Kwa hiyo kipimo tunachokitumia, chanjo tunayoichoma na hata tarehe ya siku tunayoiadhimisha vinatokana kwa kiasi kikubwa na watu waliofungiwa kwa sababu ya akili zao. Ninapoona mgonjwa wa akili wa leo akiachwa nje ya upimaji huohuo, naona deni lisilolipwa.

Sasa hali ikoje? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B na milioni 50 na homa ya ini C, na kwamba virusi hivyo viliua watu milioni 1.3 mwaka huo. Barani Afrika, kati ya kila watu 100 wenye B, waliokwisha kupimwa na kujijua hawakufika 5. Waliokuwa kwenye matibabu hawakufika hata mmoja. Hao ni watu wote, wenye akili timamu na wagonjwa pamoja.

Msomaji makini atauliza papo hapo: kama karibu wote hawajapimwa, kwa nini tuanze na wagonjwa wa akili? Ni swali la haki, na majibu yanayotolewa kwa kawaida hayatoshi.

Jibu la kwanza ni la takwimu za ng'ambo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 931 wenye magonjwa mazito ya akili katika majimbo manne, yakiwamo Connecticut na Maryland. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na dalili za homa ya ini C katika damu, kiwango kama mara 11 ya watu wengine nchini humo. Waliowahi kukutana na homa ya ini B walikuwa 23 kwa kila 100. Uswidi, ambako kila mtu yumo kwenye daftari la taifa, uchambuzi wa mwaka 2017 uliwaangalia takriban watu 98,000 wenye magonjwa hayo na kukuta homa ya ini C kwa karibu 4.6 kwa kila 100, na B kwa nusu tu ya mmoja kwa kila 100. Zote mbili zilikuwa juu ya wastani wa Waswidi wengine.

Ni takwimu nzito, lakini tukizibeba kama zilivyo na kuzishusha Dodoma au Kisumu zitatupotosha. Kule, sehemu kubwa ya tofauti inaelezwa na dawa za kulevya za kujidunga. Huku kwetu homa ya ini B kwa wengi huingia utotoni, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya kwanza ya kucheza na kuumizana na ndugu wa nyumba moja. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika chanjo za watoto mwaka 2002, Kenya na Uganda nazo wakati uleule au karibu na hapo. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni. Skizofrenia nayo hupenda kuanza mtu akiwa kati ya umri wa kubalehe na miaka thelathini. Chukua kadi za wagonjwa wa kliniki yoyote leo uangalie miaka ya kuzaliwa: wengi ni wa kizazi kilichokua bila chanjo.

Juu ya hapo yapo mambo yanayowapata wao zaidi ya wengine, na hapa sitaki kufunika kombe. Familia nyingi hupita kwa mganga kabla ya hospitali, na baadhi hupita huko mara tatu au nne. Chale huchanjwa kwa wembe, na wembe huo si kila mara mpya. Wanawake wanaozurura wakiwa wagonjwa hubakwa, na jirani huona na kunyamaza. Wapo vijana wa pwani, wa Tanga, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, ambao unga na ugonjwa wa akili viliwaingia kwa pamoja. Mwaka 2005 watafiti waliandika juu ya tabia iliyoibuka Dar es Salaam ya mtumiaji mmoja kujidunga, kuvuta damu yake ndani ya bomba la sindano na kumpa mwenzake ajidunge damu hiyo ili naye apunguze arosto. Kama kuna njia ya moja kwa moja zaidi ya kumpa mtu homa ya ini C, siijui. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, iliyofunguliwa katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, ilianza kuwarudisha watu kama hao kwenye mkono wa tiba.

Hata hivyo sababu yangu kubwa haiko kwenye hatari. Naogopa hoja ya hatari peke yake, kwa sababu watu wakishaambiwa kwamba wagonjwa wa akili "wana virusi", kesho kikombe cha mgonjwa kitawekwa pembeni hata kabla ya kipimo. Sababu kubwa ni kwamba watu hawa hawapiti kwenye milango ambako wengine hupimiwa bila hata kuuliza. Mtoa damu hupimwa B na C kabla ya damu yake kuhifadhiwa. Mgonjwa wa akili haitwi kuchangia damu. Kijana anayekwenda kufanya kazi Oman, Saudi Arabia au Qatar hupimwa homa ya ini kabla ya kupewa viza; mgonjwa wetu hasafiri. Mwanafunzi wa uuguzi hupimwa na kuchanjwa. Mwajiriwa wa kampuni kubwa ana bima na uchunguzi wa mwaka. Yeye hana ajira, hana bima, na akienda zahanati kulalamika tumbo, malalamiko yake huwekwa kwenye fungu la "anaongea ya kwake".

Mlango mmoja tu ndio anaoupita, tena kila wiki nne, na ni ule wa pazia la sindano. Ndiyo maana nashikilia kwamba upimaji, chanjo na hata dawa za homa ya ini vifike kwenye mlango ule, visiwe vitu vya kuandikiwa rufaa kwenda jengo lingine siku nyingine na kupanga foleni nyingine. Kwa mtu ambaye kuamka tu na kufika kliniki ni kazi ya nyumba nzima, rufaa ya namna hiyo ni sawa na kumwambia asije.

Nalo ini la mgonjwa huyu lina mzigo ambao la mwingine halina. Valproeti, mojawapo ya dawa anazopewa, huweza kuliumiza. Klopromazini nimeshaitaja. Karbamazepini, inayotolewa kwa kifafa na kwa hisia mseto, hupitia humohumo kwenye ini. Ongeza gongo au busaa ambayo wengi hunywa kutuliza kichwa. Ongeza mahindi yaliyoota ukungu: mwaka 2016 sumu yake, sumukuvu, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na inajulikana kwamba sumukuvu na homa ya ini B zikikutana huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Daktari wa akili anayeandika valproeti bila kujua hali ya ini la mgonjwa wake anaandika gizani. Na ini likishindwa kabisa, sumu za mwilini hupanda kichwani: mtu huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, huongea yasiyoeleweka. Kwa mtu mwingine yeyote dalili hizo humkimbiza hospitalini. Kwa mgonjwa wa akili, nyumbani husemwa, "kimempanda tena", na dozi huongezwa.

Zamani kulikuwa na kisingizio kizuri cha kutowapima. Kwa miaka mingi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, homa ya ini C ilitibiwa kwa sindano za intaferoni, na intaferoni huleta sonona nzito, wakati mwingine mawazo ya kujiua. Madaktari waliwaondoa wagonjwa wa akili kwenye orodha, na ukweli ni kwamba kwa wengi uamuzi ule ulikuwa wa busara. Ya nini kumpima mtu usiyeweza kumtibu? Lakini kisingizio hicho kilianza kufa mwishoni mwa mwaka 2013, sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani. Vidonge vya kumeza, kwa kawaida wiki 12, vinaponya zaidi ya 95 kati ya 100, bila intaferoni. Misri ilipima makumi ya mamilioni ya watu katika miaka ya 2018 na 2019 na kuwatibu waliokutwa nayo. Rwanda ilitangaza mwaka 2018 mpango wa kuitokomeza homa ya ini C. Tabia ya kuwaacha nje wagonjwa wa akili imebaki katika sehemu nyingi, ingawa sababu yake imekwisha.

Liko jambo moja la kitaalamu ambalo kila anayesimamia kliniki hizi anapaswa kulijua: karbamazepini hushusha mwilini kiwango cha sofosbuviri na cha daklatasviri, kidonge kinachotolewa pamoja nayo, hadi tiba kushindwa. Mgonjwa anayetumia karbamazepini hawezi kuanzishiwa vidonge vile kabla daktari wa akili hajambadilishia dawa, na kubadilisha dawa iliyomtuliza mtu kwa miaka si uamuzi wa daktari wa ini peke yake. Kwa homa ya ini B, tenofoviri inayotumika sana katika vituo vyetu inavumiliana vizuri na dawa nyingi za akili, ila anayetumia lithiamu kwa ugonjwa wake wa akili awe anapimwa figo, maana zote mbili zinazigusa. Mambo haya yanawezekana kabisa pale wataalamu wawili wanapozungumza. Hayawezekani mgonjwa akitumwa na karatasi kutoka jengo moja kwenda jingine.

Tenofoviri yenyewe haiko mbali. Ni miongoni mwa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na katika hospitali nyingi za wilaya kliniki ya Ukimwi iko hatua chache kutoka kliniki ya akili. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2024 ilirahisisha vigezo vya kuanza matibabu, hata pale ambapo hakuna mashine ya kuhesabu wingi wa virusi. Miongozo ya shirika hilohilo ya mwaka 2017 ilikwisha kusema kwamba palipo na maambukizi ya B ya 2 au zaidi kwa kila 100, watu wazima wote wapewe nafasi ya kupimwa. Ukanda wetu umo ndani ya kiwango hicho.

Kwa chanjo, mambo yanakaa vizuri zaidi ya ninavyoweza kueleza. Mtu mzima ambaye kipimo kimeonyesha hana B huhitaji dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na baada ya miezi sita. Uganda ilianza mwaka 2015 kupima watu wazima na kuwachanja wasio na maambukizi, ikianzia wilaya za kaskazini, na kwa kampeni za namna hiyo popote pale shida kubwa huwa dozi ya tatu, kwa sababu mtu mzima aliye mzima hana sababu ya kurudi. Mgonjwa wa sindano ya mwezi anarudi hata hivyo. Dozi ya pili inaangukia siku yake ya kliniki, na ya tatu pia. Muuguzi yupo na mgonjwa ameshakaa. Nimewahi kuwauliza wauguzi wawili wa kliniki tofauti kama wangeweza kuiongeza kazi hiyo. Wote wawili walinijibu kwa maneno yanayokaribiana: tuleteeni vitendanishi na chanjo, mengine tutayafanya.

Vipingamizi vipo na sitavipita kimyakimya. Cha kwanza ni ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Kenya iliirekebisha sheria yake mwaka 2022 ikaongeza uzito wa haki za mgonjwa, ikiwamo kukubali au kukataa tiba. Baada ya Willowbrook hakuna mwenye haki ya kusema kwamba saini ya mzazi au ya kaka yatosha siku zote. Mtu aliyeletwa wodini amefungwa kamba asipimwe siku ile. Asubiriwe atulie, aelezwe kwa lugha anayoielewa, aulizwe, na akikataa aulizwe tena mwezi ujao. Wengi wa waliokaa kwenye lile benchi wanaelewa vizuri sana wanachoambiwa. Tatizo ni kwamba hawajazoea kuulizwa.

Cha pili ni siri. Wodi ya akili ni mahali pa watu wengi, na jibu likivuja, mgonjwa atatengewa sahani. Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kukumbatiana. Huambukizwa kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wahudumu wenyewe wapimwe na kuchanjwa kwanza, kwa sababu ndio wanaokumbana na sindano inayoteleza pale mgonjwa anapopambana, na mhudumu aliyechanjwa hana sababu ya kumwogopa mgonjwa.

Kipingamizi cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Dawa ya homa ya ini B hunywewa kila siku kwa miaka, na mtu akiiacha ghafla virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kulishambulia ini. Je, mtu anayesahau dawa zake za akili atakumbuka hii? Wapo ambao hawatakumbuka, na daktari aliye makini ana haki ya kusita. Lakini hebu tuwatazame wale wanaorudi kila wiki nne, mwaka nenda mwaka rudi. Wameonyesha uaminifu kwa kliniki ambao wengi wetu hatuna kwa daktari wa meno. Walio na mama, dada au mke wa kuwasimamia waanzishiwe. Wasio na mtu wafuatiliwe na wahudumu wa jamii, kama tulivyojifunza kufanya kwa kifua kikuu. Kusita kwa daktari kunafaa kumhusu mgonjwa mmoja aliye mbele yake, kusitumike kuwafungia nje maelfu.

Mathari ya Nairobi imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910. Mirembe na Isanga ziko Dodoma, Butabika iko Kampala, Kidongo Chekundu iko Unguja. Hospitali hizo zina maabara na zinaweza kuwa za kwanza. Ila wengi wa wagonjwa hawako huko. Wako kwenye benchi la hospitali ya wilaya, siku moja kwa wiki, kliniki ya chumba kimoja na muuguzi mmoja. Bajeti ya vitendanishi ianzie pale.

Mtoto wa mama yangu mdogo anakunywa tenofoviri sasa. Mama yake huitoa mwenyewe kutoka kwenye kopo kila jioni baada ya chakula, na tumbo limepungua, ingawa daktari ametuambia wazi kwamba ini lililokwisha kusinyaa halirudi kuwa kama zamani. Wewe unayempeleka nduguyo kliniki mwezi huu, kabla hajaingia nyuma ya pazia, mwulize muuguzi: ameshapimwa homa ya ini? Kama hajapimwa, uliza tena mwezi ujao.